Hodi ya Jiwe

Nilipanda treni Kilosa asubuhi yenye ukungu, wakati askari walikuwa wamekwisha kurudi kutoka vitani na bado walitembea mjini na makoti yao ya jeshi hata jua likiwa kali. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na nimeacha kazi ya ukarani kwa sababu ambayo mpaka leo siwezi kuieleza vizuri. Kukaa mahali pamoja kuliniwasha miguu. Mama yangu alisimama stesheni ameuma ncha ya kanga yake, na treni ilipoanza kusogea hakunipungia mkono. Aliyatazama magurudumu tu, kama mtu anayetaka kujua yanazungukaje.

Milima yetu iliisha mapema. Baada ya hapo ilikuwa nchi tambarare, miiba, vumbi, na stesheni ambako watu walikimbilia madirishani na kuku wamefungwa miguu. Tabora tulilala nje tukisubiri treni ya Mwanza. Ndani ya treni hiyo ya pili nilikaa karibu na mama mmoja wa Kisukuma aliyenipa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa mpaka vinakuwa vigumu kama kwato. Niliuma, nikakaribia kuvunja jino. Mama yule alicheka bila sauti, akaweka kipande chake shavuni, akakiacha kilainike polepole huku akitazama nje. Nikafanya vivyo hivyo. Hakuniambia neno. Hakuwa na Kiswahili cha kunieleza, nami sikuwa na Kisukuma cha kumwuliza. Tulisafiri hivyo mpaka Shinyanga, mashavu yetu yamevimba upande mmoja, na nilipomtazama kwenye kioo cha dirisha niliona kwamba nilikuwa nimekaa kama yeye hata mikono.

Nimekumbuka mashavu yale mara nyingi. Karibu kila kitu nilichojifunza katika nchi ile nilijifunza namna hiyo, kwa kumtazama mtu na kufanya kama alivyofanya, na mara nyingi bila kujua kwa nini anafanya.

Shinyanga nilipanga chumba mtaa wa Ngokolo nikafanya kazi kwenye ghala la pamba kwa msimu mmoja. Huko nilijifunza kuamkia. Nilijifunza "wangaluka" ya asubuhi na "mwadila" ya mchana, na namna wanawake wanavyopiga magoti wakiamkia wakubwa, na namna mwanamume anavyoinamisha mabega kidogo bila kupiga goti. Pamba ilipokwisha nilisikia habari za dhahabu ya Geita, miguu ikaanza kuniwasha tena. Nikadandia lori la mzigo. Tulipita Kahama, tukakwama kwenye udongo mweusi wa mbugani uliong'ang'ania magurudumu kama ugali wa moto, tukasukuma, tukalala, tukapita Ushirombo ambako kengele ya misheni ilikuwa inalia jioni juu ya mashamba ya mihogo, na hatimaye tukafika kwenye vilima vyenye miti mingi na moshi. Nilishuka nikiwa mwekundu tangu nywele hadi viatu.

Mzungu wa ofisi alipoona cheti changu alitaka niandike majina ya watu. Nilivumilia kwa muda mfupi. Dirisha la ofisi ile lilitazamana na mdomo wa mgodi, na kila zamu ilipobadilika niliona watu wakiingia kwenye kizimba cha chuma wakizama ardhini wakiwa wanaimba, na wengine wakitoka weupe kwa vumbi la mawe. Niliomba niende nao. Mzungu aliniona punguani. Akanipeleka kwenye genge la mzee mmoja Msumbwa ambaye wote, hata Wazungu, walimwita Fundi.

Fundi alikuwa mrefu, mkavu, na kikohozi kilichoanzia mbali sana kifuani. Shingoni alivaa rozari ndani ya shati. Aliingia kazi ya migodi akiwa kijana, akafundishwa kazi na mtu wa Nyasa aliyewahi kuchimba huko kusini kwa Makaburu, na mtu huyo naye alifundishwa na mwingine. Katika genge lake alikuwamo mwanawe. Wengine aliozaa kule Ushirombo walikuwa wamekufa wadogo. Huyu ndiye aliyebaki. Mama yake alikataa kabisa kijana kushuka shimoni, mpaka Fundi alipomwapia mbele ya padri kwamba atashuka pamoja naye na kupanda pamoja naye. Mama yule alisema, na Fundi alikuwa akiyarudia maneno hayo tukiwa tunakula, "Nimekupa mmoja. Nirudishie mmoja."

"Mama alifikiri ananiazimisha, kama jembe," mwanawe alikuwa akisema, na sote tunacheka, hata Fundi.

Kijana huyo alikuwa rafiki yangu tangu siku ya kwanza, kwa sababu tulikuwa watani. Babu zao walipita kwetu zamani na misafara ya pwani, na tangu hapo mtu wa kwetu na mtu wa kwao wanatukanana bila kugombana. Nilipoingia kwenye kizimba mara ya kwanza nilishika nondo kwa mikono miwili.

"Mtani," akaniambia, "kwenu Kilosa hakuna giza?"

"Lipo. Lakini kwetu linatufuata lenyewe usiku. Ninyi mnalifuata mchana."

"Ukifa humu sanda yako ni yangu. Nitashonea kaptula."

"Nawe ukifa nitakuja kukutukana hadi kaburini. Hutapata usingizi."

"Nani atakulipia nauli?"

Watu wakacheka, kizimba kikashuka.

Sasa nieleze habari ya kubisha, ndivyo tulivyoita kugonga dari la mgodi, kwa kuwa ndiyo habari yenyewe.

Baruti ikishalipuliwa na moshi ukishapungua, hakuna anayeingia chini ya dari jipya la jiwe mpaka mtu mmoja atangulie na mtalimbo, ule mchuma mrefu wenye ncha. Mtu huyo hugonga dari. Jiwe zima hulia kama kengele, sauti inayokwenda mbali. Jiwe lililoachana na wenzake ndani, hata kama kwa macho halina ufa, hulia kama mtungi uliopasuka. Likilia hivyo unarudi nyuma na kuliangusha kwa mtalimbo ukiwa mbali, au unaita watu wa nguzo waje waweke magogo. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua Fundi kuliko mtu yeyote mgodini. Aligonga mara tatu, polepole, akanyamaza, akasogea hatua, akagonga tena. Akinyamaza, genge zima lilinyamaza. Hata aliyekuwa anakohoa alijiziba mdomo.

Lakini kazi hii hakuifundisha kwa maneno. Yeye mwenyewe hakufundishwa kwa maneno. Ukimwuliza alisema, "Angalia mkono." Basi. Waliokuwa naye tangu zamani waliangalia mkono na masikio yao pia yaliangalia, na walielewa. Ila mimi na mwanawe tulimkuta tumechelewa. Mlio wa mashine za kutobolea miamba ulikuwa umekwisha kula masikio yake. Ukisimama nyuma yake ukaita, hageuki. Mbele yake alikuwa anatazama midomo yetu, na akikosa neno alitabasamu tu.

Kwa hiyo alikuwa amebuni njia nyingine. Aligonga kwa mkono wa kulia, na kiganja cha kushoto akakilaza juu ya jiwe, vidole vimetanuliwa, mwili umeegemea kidogo. Jiwe bovu hutetemeka likigongwa. Kiganja kilikuwa sikio lake. Haya niliyajua baadaye sana. Wakati ule niliona mzee mwenye kifua kibovu akiegemea ukuta apumzike, na mwanawe naye aliona hivyo hivyo.

Mwanawe alimwiga vizuri ajabu. Mtalimbo kulia, kiganja kushoto, nyonga imetolewa nje kidogo, kofia yenye taa ya karabai imesukumwa nyuma. Kwa mbali, taa zikiwa hafifu, hukuweza kujua yupi ni baba na yupi ni mtoto. Vijana wa magenge mengine walimpenda kijana huyo kwa kuwa alikuwa mcheshi na mchezaji ngoma, nao wakaanza kugonga kama yeye. Haukupita muda mrefu ikawa mgodi mzima unasimama vile, nyonga nje, kiganja ukutani, hata watu wenye vifua vya fahali na masikio ya swala.

Neno "hodi" lilikuja lenyewe. Wengi wetu kambini Kiswahili hatukukinyonya kwa mama zetu. Walikuwapo Wasukuma waliotoka kwenye maboma ya ng'ombe, Wazinza, Waha, Warundi, na Kiswahili walikipata kambini kama walivyopata viatu. Maneno ya kwanza kujifunza yalikuwa ya mlangoni, kwa sababu vyumba vyetu vilibanana na huwezi kuingia kwa mwenzio bila kusema kitu. Walipenda kusema hodi. Walisema hodi hata penye uwazi. Basi siku moja mtani wangu aligonga dari mara tatu, akageuza uso kwetu na ile taa, akasema kwa sauti ya mgeni mwenye adabu, "Hodi, wenyewe."

Mtu mmoja nyuma, akibana pua, akajibu, "Karibu, baba. Pita, kaa kwenye kigoda."

Tulicheka mpaka mawe yakacheka nasi. Kesho yake akagonga, na kabla hajasema lolote wote tukaitikia, "Karibu." Nami niliitikia. Ilikuwa tamu. Mnaingia mahali ambapo kila mmoja anaogopa na hakuna anayesema, na ghafla panakuwa nyumbani kwa mtu.

Wiki chache baadaye nilikwenda Kishapu wakati wa likizo na mwenzangu mmoja aliyekuwa anatafuta ng'ombe wa mahari. Kwenye mnada pale tulikuta vijana wanacheza kwa wimbo wa kambini kwetu, wimbo wa kumsifu nyapara mmoja mwenye miguu myembamba. Ulifikaje huko kabla yetu sijui. Ila nyapara hakuwamo tena. Sasa alisifiwa dume la ng'ombe, na miguu myembamba ilibaki palepale, wakaimba kwa fahari dume lenye miguu myembamba. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. "Wamechukua kibuyu wakamwaga pombe," akasema. Niliporudi Geita nilikuta magenge yote yanaitikia "Karibu". Mengine yalikuwa yameongeza vitu. Genge moja lilipiga makofi. Jingine lilijibu kwa Kiha. Na neno lenyewe lilikuwa linazidi kuwahi: zamani tulisubiri mtu amalize kugonga, sasa pigo la tatu na sauti za watu vilikuja pamoja.

Fundi aliona midomo yetu inafunguka. Siku moja tulipokuwa tunakula alimshika mwanawe bega, akauliza kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia, "Mnapobisha naona wote mnasema. Mnasema nini?"

Mwanawe alitutazama, macho yanacheka. Kisha akafanya ishara ya msalaba, taratibu, kama padri.

Uso wa mzee ulilainika. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Ng'wanawane," akasema kwa Kisukuma alichokizoea kambini, neno la mtu anayemwita mwanawe kwa upendo. Akamwongezea nyama kutoka bakuli lake. Tuliziba midomo tusicheke. Kwa kweli haikuwa dhihaka mbaya. Ilikuwa dhihaka ya nyumbani.

Muda si mrefu Mzungu wa shimo aligundua kwamba Fundi hasikii. Akamtoa chini akampeleka juu kwenye karakana kunoa patasi. Fundi alipinga sana, si kwa ajili ya kazi, kwa ajili ya ile ahadi ya kushuka pamoja na kupanda pamoja. Alikwenda ofisini akasimama mlangoni kutwa nzima. Mwishowe alikubali kwa sababu moja tu, nayo alinieleza mwenyewe akiwa amekaa kwenye gogo, mikono imelegea: "Mwanangu anagonga kama mimi. Nimemwangalia. Hakosei hata kidole." Tangu hapo kila zamu yetu ilipoisha alikuwa amesimama karibu na mdomo wa mgodi, koleo la karakana bado mkononi, akitazama kizimba mpaka aone kofia ya mwanawe.

Siku ile haikuwa na kitu cha kuitofautisha. Asubuhi tulikunywa uji. Mtani wangu alikuwa amekata nywele na nilimwambia kichwa chake kinafanana na boga la mkiani mwa shamba. Chini, moshi ulikuwa umekwisha kutoka. Alitangulia na mtalimbo, akaweka kiganja, akatoa nyonga, akagonga.

"Karibu," tukasema.

Akaingia. Nilikuwa nyuma na kigari cha mawe. Nilisikia sauti kama ya mtu anayekalisha gunia chini, tena polepole, wala haikuwa kubwa. Taa yake ilizimika. Vumbi likaja likazima na zetu.

Sitaeleza tulivyomtoa. Jiwe lenyewe lilikuwa bapa, laini chini kama meza, na upande wa juu, kule lilikoachana na dari, lilikuwa na utelezi wa maji. Mzee mmoja miongoni mwa wale wanafunzi wa zamani wa Fundi, waliojifunza wakati masikio ya Fundi yakiwa hai, alikuja kutoka genge lingine. Aliligonga lile lililobaki limening'inia pembeni. Lililia kama mtungi uliopasuka. Sote tulisikia. Lilikuwa linalia hivyo tangu asubuhi, pengine, na tulikuwa tumelizidi sauti.

Fundi alikuwa amesimama palepale kizimba kilipopanda. Hakulia. Aliwatazama watu mmoja mmoja, kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa mbele, "Alibisha?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Uliona?"

Nikakubali tena.

"Kama alibisha, kwa nini aliingia?"

Nyapara alimshika mkono akitaka kumpeleka akakae. Akautoa. Akasema anataka kushuka, na hata Mzungu wa shimo hakupata moyo wa kumkatalia. Tulishuka naye genge zima. Tulisimama mbali na pale palipoanguka, chini ya dari zima la zamani, na Fundi akamkabidhi mmoja wetu mtalimbo.

"Nionyesheni alivyobisha."

Mtu yule aliweka kiganja. Akatoa nyonga. Akagonga mara tatu, na pigo la tatu lilipotua midomo yetu ikafunguka. Hatukukusudia. Naapa hakuna hata mmoja aliyekusudia. Midomo ilikwenda yenyewe kama jicho linavyofumba vumbi likija. Wengine walijikatiza katikati ya neno. Mimi nililimaliza.

Fundi hakuwa anatazama mtalimbo. Alikuwa anatutazama sisi. Alisogeza taa yake, akapita mbele ya nyuso zetu moja baada ya nyingine, na nadhani alikuwa anatafuta ile sala. Kisha akamwambia yule mtu, "Rudia." Akarudia. Safari hii tulikaza meno. Fundi akalaza kiganja chake kwenye jiwe na kungoja mpaka mtetemo wote uishe, akabaki hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mlikuwa mnasema," akasema, "wakati lenyewe linasema."

Hakuuliza tulisema neno gani. Hakuna aliyemwambia, na sijui kama aliwahi kujua.

Nilimsindikiza Ushirombo kwenye lori pamoja na sanduku la marehemu. Njia nzima alikaa sakafuni mwa lori, mkono wa kushoto juu ya mbao, vidole vimetanuliwa. Lori lilitikisika sana na sanduku nalo, na sikujua alikuwa anasikia nini kwa kiganja kile. Mkewe alikuwa amekwisha pata habari. Alisimama mlangoni, mama mfupi mwenye mkono mmoja uliopauka kwa unga, na lori liliposimama hakuja mbio. Alingoja mumewe ashuke. Walitazamana. Mama yule akatazama sanduku, akarudi ndani, akaanza kufagia chumba cha kuliweka.

Kaburini wazee walinigeukia mimi. Nilijua wanachongoja. Mtani akifa mtani ana kazi yake, na asipoifanya watu wanaona marehemu hakupendwa. Padri alipomaliza nilisogea, nikashika ukingo wa sanduku nikasema, "Toka humo, mvivu wewe. Zamu yako ya kusukuma kigari imefika. Na hiyo sanda uliyojifunika ni yangu, nataka kaptula." Wanawake wakacheka katikati ya kilio, kama inavyotakiwa. Mama yake naye alicheka kidogo, akafuta uso kwa kiganja, akaniangalia kwa shukrani. Nilitoka pale nikaenda nyuma ya mihogo.

Jioni, majirani walipokuwa wanakuja mmoja mmoja wakisema hodi na mama yule akiwajibu karibuni, aliniita. "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu nieleze. Baba yake ndiye fundi wa mawe yale. Imekuwaje?"

"Jiwe halikusikika, mama."

Alilifikiria jibu hilo. "Mtoto wangu alikuwa na masikio mazuri," akasema. "Nilikuwa nikimwita kutoka mtoni anaitika."

Fundi hakurudi mgodini. Mimi nilirudi. Nilimweleza nyapara kila kitu, naye alikuwa mtu mwema. Aliyapitia magenge yote akakataza kuitikia. Watu walikubali bila ubishi kwa kuwa sote tulimpenda kijana yule. Kwa muda ilikuwa kama zamani za Fundi, mapigo matatu na kimya, na mtu anayekohoa anajiziba mdomo. Nilifurahi. Nilidhani jambo limekwisha.

Ila watu wa mgodi hawakai. Wenye mashamba walirudi kulima, wengine walikwenda kwenye almasi, wengine vifua vilichoka. Waliobaki walikuwa na huzuni, na huzuni inatafuta pa kushika. Mmoja wetu, akigonga, alivua kofia na kunong'ona "Karibu", kwa ajili ya marehemu tu. Hakuna aliyemkanya. Ungemkanyaje? Wa pili akavua kofia. Wageni walipokuja, wakitoka kwenye maboma yao kama tulivyotoka sisi, walitutazama na kufanya kama tulivyofanya.

Nilidumu pale miaka kadhaa zaidi kuliko nilivyodumu mahali popote. Sijui nilikuwa nangoja nini. Siku moja nilipangiwa genge la vijana ambao sikuwa nimewazoea. Kiongozi wao, kijana wa Kizinza mwenye sauti nzuri, alitangulia. Alitoa nyonga. Akalaza kiganja, na kiganja kilikuwa kimevaa glavu nene ya ngozi. Aligonga mara tatu, wote wakavua kofia wakanong'ona "Karibu", wakasimama kama watu kanisani, vichwa vimeinama, macho chini. Kisha wakavaa kofia wakaingia.

Nilimshika mkono. "Umesikia nini?"

"Wapi, kaka?"

"Ulipogonga."

Aliniangalia kama mtu anayetegwa. "Nimebisha vibaya?"

"Unabisha kwa nini?"

"Ndivyo inavyofanywa," akasema. Akafikiri, akaongeza kwa heshima, "Ni kwa ajili ya wenye mgodi. Wale waliotangulia."

Nilimvua glavu. Niligonga dari mwenyewe, nikamlazia kiganja chake juu ya jiwe, nikamwambia asikilize. Lilikuwa jiwe zima, lililia vizuri sana. Alitabasamu. Wenzake nao walitabasamu, na niliona mmoja nyuma akiivua glavu yake, akaitazama, akaivaa tena. Sikuwa na hakika wamechukua nini kwangu. Labda sasa wangeongeza kuvua glavu.

Mwisho wa mwezi niliomba ruhusa ya kuacha kazi. Sikuwaaga watu wengi. Lori lilinichukua asubuhi kuelekea Kahama, na nilimwomba dereva asimame kidogo Ushirombo.

Fundi alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha kamba, anapukuchua mahindi. Alikuwa amekwisha sana. Alinitambua kabla sijasema shikamoo, akaitikia marahaba kwa kutazama midomo yangu. Mkewe aliniletea maji, akaingia jikoni. Tulikaa. Punje zilidondoka kwenye ungo.

"Wanabisha?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wote?"

Wote.

Akapukuchua gunzi zima, akalitupa, akachukua jingine. "Wananyamaza?"

Nilikuwa nimelijua swali hilo tangu Geita, na njiani nilikuwa nimeandaa jibu la kumpoza. Lakini alikuwa ananitazama kwa yale macho yaliyozoea kusoma midomo ya watu, na sikuweza. Nilivua kofia yangu. Nikainamisha kichwa. Nikatikisa midomo nikionyesha wanavyonong'ona, kisha nikavaa kofia tena, na nikatikisa kichwa: hapana.

Alitazama yote hayo hadi mwisho, kwa makini, kama mtu anayefundishwa kazi.

"Basi si mimi waliyeniiga," akasema.

Dereva alipiga honi. Mama alitoka jikoni na furushi, matobolwa yamefungwa kwenye kipande cha kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili akasema njia ni ndefu. Nilipanda nyuma ya lori. Lilipoanza kusogea nilitoa kipande nikakiweka shavuni. Yule mzee alikuwa ameinama tena kwenye ungo wake, na mkewe amesimama kando yake anatazama magurudumu.